Mji Mkongwe, mahali panapokukumbusha umri wako

UNGUJA. Kuna watu wanaojua wamezeeka siku wanapopokea barua ya kustaafu. Wengine hujua mapema zaidi, siku wanapopanda daladala ya shamba kuelekea mjini Unguja.

Daladala hizo za bodi ya mbao zina mabenchi yanayotazamana na paa fupi linalomlazimisha abiria kuinama. Kijana huruka ndani kwa hatua moja. Mwenye miaka 45 hutafuta kwanza pa kushika, husema bismillahi, huinua goti, kisha hutoa mguno ambao hakuupanga. Utingo naye humalizia kazi: “Shikamoo mzee, sogea mbele kidogo.” Safari nzima abiria huyo huwaza ni lini hasa alianza kuwa mzee.

Ukishuka Darajani na kuingia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, mtaa ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, utakutana na dalili nyingine nyingi za umri. Mji huu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na ngazi. Ghorofani hupandwa kwa ngazi za mbao zilizo wima, na milango yake maarufu ya nakshi ina vizingiti virefu. Wageni hupiga picha nakshi. Wenyeji waliovuka miaka 50 hutazama kizingiti.

Jaws Corner na mkono uliopungua urefu

Njia kadhaa hukutana Jaws Corner, uwanja mdogo uliopewa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975. Hapa kuna mabaraza, dele la kahawa chungu, vikombe vidogo vya udongo na mazungumzo yasiyoisha, kuanzia siasa hadi mpira.

Kaa hapo nusu saa uangalie jinsi watu wanavyosoma simu. Wa miaka 25 huishika karibu na pua. Wa miaka 42 huisogeza mbele kidogo na kulalamikia mwanga wa jua. Wa miaka 50 hunyoosha mkono wote, kisha hurudisha kichwa nyuma hadi kinagusa ukuta. Mkono ukishafika mwisho, simu humwendea kijana wa jirani: “Hebu nisomee, mwanangu, hawa watu siku hizi wanaandika maandishi madogo mno.”

Maandishi hayajabadilika. Ndani ya jicho kuna lenzi ambayo ujanani hujikunja na kujinyoosha kwa urahisi ili kuona vitu vya karibu. Kadiri miaka inavyosonga lenzi hiyo hukakamaa, na wengi huanza kuliona hilo baada ya kufikisha miaka 40. Si ugonjwa, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Lakini wapo wanaoikwepa miwani miaka mingi kwa kuogopa kuitwa babu, huku wakisaini karatasi wasizozisoma na kumeza dawa bila kuona maelekezo yaliyoandikwa kwenye pakiti.

Jirani na kahawa huwapo bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Mzee anayetafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake anaweza kukokotoa kete zitakavyozunguka na kukufunga huku akiagiza kikombe cha tatu. Kasi ya kukumbuka jina la mtu hupungua na umri, lakini ujuzi uliojengwa kwa miaka mingi hukaa muda mrefu. Ndiyo maana mzee atakuita majina ya wajukuu wanne kabla ya kulifikia lako, na bado atakushinda.

“Ati nini?”

Dalili nyingine husikika, au tuseme haisikiki. Masikio yanapozeeka, sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, zikiwamo za watoto na wanawake. Basi babu husikia vizuri redio na mabishano ya mpira, lakini hasikii bibi akimwagiza nazi. Bibi huamini anafanya makusudi. Ukweli huenda ukawa katikati, lakini kipimo cha masikio kingeokoa ndoa kadhaa.

Jua linapozama, watu huteremka Forodhani kwa juisi ya miwa na mishkaki. Vijana hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, wakipinduka hewani mbele ya umati. Baba wa makamo husimama pembeni na kuwaambia wanawe kuwa yeye alikuwa akijirusha vizuri kuliko hao. Anaulizwa kwa nini hajirushi leo. Anajibu kuwa amevaa saa.

Saa tatu usiku anaaga. Usingizi wa watu wazima huja mapema na kuondoka mapema, na kahawa ya alasiri huufanya uwe mwepesi zaidi. Saa nane usiku ataamka kwenda msalani, kisha atalala macho wazi akihesabu ada za shule hadi alfajiri.

Si kila kitu ni uzee

Hapa ndipo mzaha unapohitaji tahadhari. Baraza lina jibu moja kwa kila lalamiko: “Ndiyo uzee huo, sheikh.” Jibu hilo linafariji, lakini linaweza kuficha maradhi yanayotibika.

Kuamka mara moja usiku ni jambo la kawaida kwa wengi. Kuamka mara tatu au nne, ukiwa na kiu isiyoisha na unapungua uzito, kunaweza kuwa kisukari. Kwa mwanamume, mkojo unaotoka kwa shida au kukatika unaweza kuwa ishara ya tezi dume iliyokua, na damu kwenye mkojo si ya kusubiri.

Kusogeza simu mbali ni umri. Kuona ukungu hata ukiwa na miwani kunaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao huondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho ni mbaya zaidi, kwani hula uoni wa pembeni taratibu bila maumivu. Anayejigonga kwenye mlango alioupita maisha yake yote asilaumu mlango.

Shinikizo la damu nalo halina mguno wala kelele. Mtu anaweza kucheka barazani leo akiwa nalo, asijue hadi apooze upande mmoja. Kulipima huchukua dakika chache tu.

Na kuna kumbukumbu. Mgeni kupotea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe ni sehemu ya utalii. Mwenyeji kusahau jina la mgeni huyo ni kawaida. Lakini aliyezaliwa hapa akisimama Jaws Corner asikumbuke njia ya kwenda nyumbani kwake, hilo si jambo la kuchekwa wala kufichwa na familia. Apelekwe hospitali, kwani baadhi ya sababu, kama maambukizi, dawa zinazogongana au upungufu wa vitamini B12, hutibika.

Habari njema ni kwamba mji huu humsaidia anayeutumia. Magari hayaingii kwenye vichochoro vingi, hivyo watu hutembea kwa miguu. Kutembea na kupanda ngazi kwa kadiri ya uwezo hulinda misuli, ambayo huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30. Baraza nalo humwondolea mzee upweke. Ongeza maji, kwa kuwa mwili mzee huchelewa kuhisi kiu, na punguza sukari kwenye vile vitafunio vinavyosindikiza kahawa.

Umri una faida zake pia. Tangu Aprili 2016 Zanzibar hulipa pensheni jamii ya kila mwezi kwa wakazi waliofikisha miaka 70, hata wasiowahi kuajiriwa. Watu waliokuwa wakipunguza miaka yao kila walipoulizwa waliona ni wakati wa kukumbuka tarehe ya kweli ya kuzaliwa.

Kwa hiyo, ukipita Jaws Corner na mzee wako, mnunulie kahawa na umcheke anaponyoosha mkono kusoma simu. Kisha muulize mara ya mwisho alipimwa presha lini. Akijibu “Ati nini?”, mpeleke apimwe na masikio.