Jicho kwa Jicho

Maandiko hayasemi peke yake. Husemeshwa na wasomaji wake. Jambo hili nilifundishwa na jicho la mdogo wangu kabla sijafundishwa na kitabu.

Kwetu ni Muleba. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa alipopigwa jiwe la manati na mwana wa jirani, akawa chongo. Usiku ule baba alifungua Biblia, Kutoka mlango wa 21, akatusomea sheria ya jicho kwa jicho. Wazee wa kijiji walipokutana, waliamua jirani atoe ng'ombe mmoja na kibuyu cha rubisi cha kupatanisha. Baba alimpokea ng'ombe, lakini rubisi hakuinywa. Alisema kuwa wazee wamelitia bei neno la Mungu. Akaambiwa anyamaze, shauri limekwisha.

Miaka mingi baadaye, nikisoma mjini Bukoba, niligundua kuwa shauri letu lilikwisha kusikizwa zamani. Marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, walilijadili neno lile lile katika Talmudi ya Babeli, iliyokusanywa yapata karne ya 6. Waliamua kuwa jicho hulipwa kwa thamani yake: mwenye kujeruhi alipe hasara ya kiungo, maumivu, matibabu, kazi iliyopotea na aibu. Waliuliza: kipofu akimtoboa mwenziwe jicho, atatolewa lipi? Na jicho dogo likitolewa kwa kubwa, usawa uko wapi?

Msomaji wa haraka atasema kuwa walilegeza Maandiko. Mimi naona waliyashika kwa nguvu zaidi, maana sheria itakayo usawa haitimizwi kwa tendo lisiloweza kuwa sawa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kingine. Katika majadiliano hayo hayo imehifadhiwa kauli ya Rabi Eliezeri, kwamba jicho ni jicho hasa. Wenziwe hawakuifuata, walijaribu hata kuieleza upya, wala hawakuifuta. Hapo niliona thamani ya tafsiri yao: ni baraza ambalo mwenye kushindwa hatolewi nje, na kila kizazi kijacho humkuta angali amekaa, akisema lake.

Baraza hilo halipo mbali nasi. Abayudaya wa Uganda, walioshika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu, walianza kwa kujisomea Biblia wenyewe. Mwaka 2008 mwenzao, Gershom Sizomu, alipewa daraja la urabi.

Baba amefariki. Katika daftari la kijiji shauri lake ni mstari mmoja: ng'ombe mmoja, limekwisha. Naamini hata leo kuwa wazee waliamua vema. Walipungukiwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba hawakuandika aliyoyasema baba. Basi nimeyaandika hapa.