Nyumba ya Baba

Mwaka jana nilikwenda Marekani kumwona mwanangu, akaaye Harrisonburg, katika Virginia. Siku moja akaniambia: "Baba, twende Staunton, si mbali. Kuna mahali pa kutazama maisha ya watu waliohamia huku zamani." Mahali hapo palifunguliwa mwaka 1988.

Nilidhani nitaona vitu vya kale ndani ya makabati ya kioo. La, nilikuta mashamba, kondoo, na moto jikoni. Watu waliovaa nguo za zamani hufanya kazi mbele ya wageni: huyu hufua chuma, yule hupika. Nyumba za Wajerumani, Waingereza na Waairishi ndizo zile zile za kale. Mafundi walizifungua huko Ulaya kwa uangalifu, wakazivusha bahari, wakazisimamisha tena.

Tukafika kwenye ile ya Wajerumani, iliyotoka kijiji cha Hördt. Nikauliza ukuta ni wa nini. Kumbe, ni miti na udongo! Kama nyumba ya baba yangu.

Tena tukaona boma la Waigbo wa Afrika ya Magharibi, kuta za udongo, mapaa ya majani. Waigbo wengi walipelekwa Virginia utumwani katika karne ya 18. Nyumba hizo hazikuvuka bahari. Zimejengwa mpya, kwani wenyewe walifika mikono mitupu.

Mwanangu akaniuliza: "Baba, nyumba ya babu ilikuwa namna hii?"

Nikanyamaza. Ile nyumba niliibomoa mimi, baba alipokwisha kufa, nikajenga ya matofali na mabati. Niliona haya wageni waione. Sikubakiza hata nguzo moja.

Ndugu wasomaji, sisemi matofali ni mabaya. Mvua ikinyesha nayashukuru mabati. Lakini Waigbo wale walinyang'anywa nyumba zao. Mimi yangu niliitupa kwa mkono wangu.

Jioni nilichukua karatasi, nikawachorea wajukuu: hapa mafiga, hapa kitanda cha baba, hapa mbuzi walilala. Nilipokwama, tukampigia simu dada yangu kijijini. Akacheka: "Umesahau ghala ya mahindi?" Wajukuu wakaichora.

Wewe ambaye nyumba ya wazazi wako ingali imesimama, waite watoto kwanza. Waitazame, waipime, waulize. Kisha ubomoe, ukitaka.