Mtu Mmoja Katika Hesabu

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ndio uliowekwa kuwa usiku wa sensa katika Kenya. Karani alipofika nyumbani kwetu Kitui, baba alikuwa shambani, nami nikajibu badala yake. Nilitaja watu 6. Karani aliandika, akashukuru, akashika njia. Ndipo sauti ikatoka katika kibanda kilicho nyuma ya ghala: "Mjukuu wangu, kwani mimi sikulala hapa?" Nilikuwa nimemsahau nyanya! Nilitimua mbio nikamrudisha karani, na 6 ikawa 7. Nyanya hakunikemea, lakini kwa siku nyingi sikuweza kumtazama usoni.

Matokeo yalitangazwa Novemba mwaka ule ule. Kaunti ya Kitui ilikuwa na watu 1,136,187. Nilitwaa kalamu nikaichunguza nambari hiyo. Nambari isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe huitwa tasa. Je, hii ilikuwa tasa? Nilijumlisha tarakimu zake nikapata 27. Kwa hiyo yagawanyika kwa 9. Niliendelea kugawanya hata nikafika mwisho: 3 yaingia mara nne, 13 mara mbili, na 83 mara moja, nazo zote tatu ni tasa.

Basi, 3 × 3 × 13 ni 117. Maana yake ni kwamba watu wote wa Kitui wangeweza kusimama katika miraba 83 iliyo sawa, kila mraba una safu 117, na kila safu ina watu 117, asibaki hata mmoja nje. Ng'ambo ya mto Athi, huko Makueni alikozaliwa mama yangu, walihesabiwa watu 987,653. Hao hugawanyika katika mafungu 29 ya watu 34,057, na hapo kazi imekwisha, kwa kuwa 29 na 34,057 zote ni tasa.

Kisha nikamwondoa nyanya. Ikabaki 1,136,186. Nambari iliyokuwa witiri ikawa shufwa. 3 haiingii tena, 13 haiingii, wala 83 haiingii. Ametoka kikongwe mmoja tu, na mpango wote umevunjika.

Sisemi kwamba nambari ina uganga. Kama mtoto mmoja zaidi angalizaliwa kabla ya usiku ule, ingalikuwa nambari nyingine yenye tabia nyingine. Lakini hilo ndilo nililojifunza: hata katika hesabu inayozidi milioni, hakuna mtu aliye mdogo mno asiweze kuigeuza.

Nyanya amekwisha kufariki, na kibanda chake ki kitupu. Katika hesabu ile mahali pake pamejaa. Nawe msomaji, ukiulizwa mko wangapi nyumbani, usijibu upesi. Tazama kwanza nyuma ya ghala.