Jiwe la Shemeji na Kiinua Mgongo cha Sajini

Sajini mmoja wa polisi, aliyetumikia taifa kwa miaka 26 katika vituo vya kaskazini na magharibi ya Uganda, alirudi nyumbani kwake karibu na Busia akiwa na sanduku la bati, redio, na kiinua mgongo ambacho hakijaguswa hata shilingi moja. Matumizi ya fedha hizo yalikwisha kupangwa zamani, yeye na mkewe wakiwa bado wanaishi katika nyumba za kambi: sehemu ya kwanza ni mabati ya nyumba, ya pili ni karo ya binti aliyekuwa akisomea ualimu, na iliyobaki ni ng'ombe wawili wa maziwa. Wiki ya tatu haijatimia, shemeji yake alifika jioni, akakaribishwa chai, akatoa mfukoni leso iliyofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na jiwe jeupe la ukubwa wa yai, lenye chembe za manjano zilizometameta mbele ya taa.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuta zina masikio, "hili limetoka katika shimo letu kule Tiira, urefu wa watu wanane kwenda chini. Tumebakiza pampu ya maji na magogo ya kuzuilia kuta. Ukiingia nasi, nusu ya faida ni yako."

Sajini alikuwa mtu wa ushahidi. Alichukua ncha ya kisu akaigusa chembe moja. Pairiti, yaani madini ya chuma na salfa yenye rangi ya shaba ambayo yamewadanganya wengi, ingalivunjika na kuwa unga. Hiyo haikuvunjika; ilibonyea na kupinda. Ilikuwa dhahabu kweli, na hapo ndipo hatari ilipoanzia, kwa maana jiwe la uongo lingalimaliza mazungumzo usiku uleule.

Mkewe, ambaye mgeni huyo ni ndugu yake wa tumbo moja, hakusema neno mpaka vyombo vilipoondolewa. "Kaka yangu hasemi uongo, Baba Watoto," alisema. "Lakini hata aliyekuuzia lile pikipiki hakusema uongo." Ni pikipiki gani hiyo, wenyewe wanajua.

Kabla ya kutoa jibu, Sajini alipanda gari kwenda Entebbe, zilipo ofisi za serikali za uchunguzi wa miamba na madini. Idara hiyo ni ya zamani. Ilianza mwaka 1919, mtaalamu wake wa kwanza akiwa E. J. Wayland, Mwingereza aliyezunguka nchi nzima akigonga mawe kwa nyundo. Afisa kijana alimtandikia Sajini ramani mezani. Katika ramani hiyo, mahali penye nyumba yake palikuwa pamepakwa rangi ya kijani, na rangi hiyo haikukoma kwenye mpaka. Iliendelea mashariki hadi Kakamega na mbele ya hapo. Mpaka uliwekwa na watu; mawe hayakuulizwa. Tena mpaka wenyewe ni mtoto mdogo, kwa sababu hadi mwaka 1902 nchi ya Kakamega ilihesabiwa kuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda.

Ukanda huo una umri wa takriban miaka milioni 2,700. Hapo kale palimwagika uji wa volkano chini ya maji, na matabaka ya chuma yakatanda juu yake. Wataalamu wakayapa mawe hayo jina la Nyanza. Juu yake tena palikuja changarawe, mchanga na matope yaliyogeuka kuwa mwamba, nayo yakaitwa kwa jina la Kavirondo. Halafu granite iliyoyeyuka ikapanda kutoka chini, ikayasukuma na kuyakunja yote kama mtu akunjavyo mkeka. Penye mikunjo pakapasuka nyufa, na katika nyufa hizo yakapita maji ya moto yaliyobeba kwatzi, lile jiwe jeupe gumu kama chupa, pamoja na dhahabu kidogo sana. Maji yalipopoa, mzigo ukabaki. Mawe ya namna hiyo ndiyo yanayolizunguka Ziwa Viktoria hata kusini, ambako migodi ya Geita, Bulyanhulu na North Mara ya Tanzania imechimbwa.

Ufa hauna adabu ya barabara. Mahali pamoja huwa mpana kama mlango, hatua kumi mbele ukawa mwembamba kama kidole, kisha ukakatwa na mwamba uliosogea, ukatokea tena mbali au usitokee kabisa. Na hata ndani ya mshipa mmoja dhahabu haikutandazwa sawasawa. Mwamba wenye gramu 12 katika tani moja huhesabiwa kuwa tajiri, na pengine mtu hutazama tani hiyo yote asione chembe hata moja kwa macho yake. Jiwe linaloonyesha dhahabu usiku mbele ya taa limechaguliwa kati ya maelfu. Ni kama kumtazama kijana mmoja mrefu kwenye gwaride na kusema kikosi kizima ni cha watu warefu.

Afisa yule alimsimulia Sajini jinsi dhahabu ya ukanda huo ilivyotafutwa, na kisa hicho kina mafunzo kuliko hesabu nyingi. Mwaka 1931 walowezi wa Kenya walikuwa hoi: bei ya mahindi imeanguka, nzige wamekula mashamba. Mmoja wao, Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson, aliyekuwa na shamba upande wa Turbo na ambaye ujanani alikwisha kutafuta dhahabu katika nchi ya baridi ya Klondike, alishuka hadi mito ya Kakamega akiwa na karai lake. Namna yake ilikuwa ya watafutaji wote wa zamani. Mtu huchota mchanga wa mto, huuzungusha ndani ya maji, na kwa kuwa dhahabu ni nzito zaidi ya mara saba kuliko kwatzi, ndiyo inayobaki chini baada ya mchanga kumwagika. Akiona chembe, hupanda mto kuelekea juu na kujaribu tena. Pale chembe zinapokoma, hujua amepita mahali zinapotokea. Huacha mto, hupanda ubavu wa kilima na kuchimba mtaro. Wengine huchota hata udongo wa kichuguu, kwa kuwa mchwa hupandisha juu udongo wa chini bila kudai mshahara.

Habari zilipoenea, mamia ya Wazungu walifurika Kakamega wakiwa na mahema na majembe. Bei iliwapendelea, kwa kuwa Uingereza iliacha kuifungamanisha fedha yake na dhahabu mnamo Septemba 1931, na mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya aunsi kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Miaka miwili tu nyuma, mwaka 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ya kuwahakikishia Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao haitachukuliwa bila kulipwa ardhi nyingine badala yake. Desemba 1932 sheria hiyohiyo ilibadilishwa kwa haraka ili ardhi ya dhahabu iweze kutwaliwa kwa fidia ya fedha tu. Kelele zilipigwa mpaka Bunge la London. Wazee wa Kakamega waliokuwa wameambiwa neno moja na kuona lingine walilikumbuka jambo hilo kwa muda mrefu kuliko dhahabu yenyewe.

Upande wa Uganda nako mambo hayakukawia. Mwaka 1932 dhahabu ilionekana Busia, na baadaye kidogo Tiira ikawa na mgodi wake, ulio mdogo ukilinganishwa na ule wa Rosterman huko Kakamega. Rosterman wenyewe ulifungwa mwaka 1952, baada ya kutoa takriban aunsi 250,000. Bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa palepale kwenye dola 35 huku mishahara, mbao na mashine vikipanda kila mwaka. Miamba ilibaki na dhahabu. Kilichokwisha ni faida.

Kisha pakawa kimya kirefu. Makampuni yalirudi baadaye yakiwa na mashine za kutoboa zenye meno ya almasi, zinazotoa kigogo cha jiwe kutoka mamia ya mita ardhini. Vigogo hivyo hukatwa, husagwa, huyeyushwa pamoja na risasi katika tanuri, na dhahabu yake hupimwa kwa mizani ya maabara. Kwa kazi hiyo, kampuni ya Acacia ilitangaza mwaka 2017 kwamba huko Isulu na Bushiangala, si mbali na mji wa Kakamega, imekadiriwa kuwako dhahabu inayozidi aunsi milioni 1. Mwaka 2020 mradi ulipita mikononi mwa Shanta Gold. Kutoka karai la Johnson hadi tangazo lile ilipita miaka 86, na kwa wakati huo wote watu wa vijiji hivyo walikuwa wakilima na kuzika wafu wao juu ya mshipa.

"Sasa, Mzee," afisa alimwuliza Sajini, "hilo shimo la shemeji yako lina leseni?" Sheria ya madini ya mwaka 2022 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwawekea leseni yao, ambayo hapo kwanza hawakuwa nayo. Sajini hakujua. Aliona haya kidogo, maana kwa miaka 26 yeye ndiye aliyekuwa akiuliza watu swali la namna hiyo.

Kutoka Entebbe alikwenda Tiira moja kwa moja, akalala siku sita kwa shemeji yake, na kila jioni aliandika katika daftari kama aandikaye taarifa ya zamu. Wiki hiyo shimo lilitoa magunia 40 ya kilo 50, yaani tani 2. Mawe yalisagwa, yakaoshwa juu ya mbao zilizotandikwa magunia, yakatoa gramu 6. Mwenye shamba alichukua gramu 1. Mwenye mashine ya kusagia akachukua gramu 1.5. Mafuta ya pampu ya kukodi na zebaki vilikula gramu 1 nyingine. Zikabaki 2.5 kwa wachimbaji wanane, na kama fedha za Sajini zingalikuwamo, nusu yake, yaani 1.25, ingalikuwa haki yake.

Shemeji hakukana hesabu hiyo. "Ni wiki mbaya, shemeji. Mwezi wa tatu tuliwahi kupata gramu 40 kwa siku mbili." Na hilo nalo lilikuwa kweli, nyumba mbili za matofali pale kijijini zilijengwa kwa siku za namna hiyo, na watoto wamesomeshwa. Anayewadharau wachimbaji hajawaona wakishuka kwa kamba alfajiri.

Lakini daftari lina ukurasa mwingine, ambao Sajini hakuusoma mbele ya watu. Jioni ya nne alimkuta mke wa shemeji yake jikoni akiwa na mtoto mgongoni. Juu ya jiko la makaa, katika kikopo, palikuwa na donge la rangi ya fedha. Hiyo ni zebaki iliyokumbatia dhahabu. Ikipashwa moto, zebaki hupanda hewani na dhahabu hubaki. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, hushika mishipa ya fahamu na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Sufuria ya uji ilikuwa hatua mbili kutoka pale. Sajini, mtu aliyezoea kutoa amri, alilichukua jiko lile kwa mikono yake miwili akalipeleka nje, mbali na nyumba, bila kusema neno. Mama yule alidhani amekasirishwa na moshi.

Aliporudi nyumbani mkewe alisoma daftari lote, ukurasa baada ya ukurasa, akalifunga. "Utamwambiaje?" aliuliza.

"Nitamwambia fedha hazipo."

"Fedha zipo, na yeye anajua zipo. Ni kaka yangu, mwambie ukweli."

Basi aliitwa, akala, akaambiwa ukweli: kiinua mgongo hakitaingia shimoni. Hata hivyo Sajini alikuwa na mikaratusi kumi na minne nyuma ya nyumba, aliyoipanda akiwa likizo miaka mingi iliyopita. Alimpa yote aikate kwa magogo ya kuzuilia kuta, kwa sharti la mambo mawili: aende Entebbe kuulizia leseni, na donge la zebaki lisipashwe moto tena jikoni. Shemeji alishukuru kwa maneno machache kuliko desturi yake. Alikata miti kumi na mmoja, akaacha mitatu iliyo midogo.

Mabati yaliezekwa kabla ya mvua. Mnamo Oktoba mshipa wa Tiira ulikatwa na mwamba mweusi, na vijana wale wanane wakaanza kuchimba pembeni kuutafuta upande wa kushoto, kisha wa kulia. Jiwe lenyewe halikurudishwa wala halikudaiwa. Lilibaki dirishani kando ya redio. Likizo ilipofika binti aliliona, akauliza ni la nani, kisha akaomba alichukue chuoni, kwa kuwa muhula uliofuata angefundisha somo la mawe katika shule ya mazoezi. Mama yake alimpa, likiwa limefungwa katika leso ileile.