Yaurti ya Lubutu: maziwa katika nchi isiyo na ng'ombe

Juma hili tunawapeleka Kisangani na kurudi, halafu tutaketi pamoja kando ya mbabula hapa kwetu Lubutu. Safari yenyewe tuliifanya kwa ajili ya chupa moja ndogo. Someni mpaka mwisho, maana mwishoni kuna kazi ya mikono.

Mgeni anayefika Lubutu kutoka milima ya Masisi huuliza haraka: ng'ombe wako wapi? Tunamwonyesha mbuzi, kuku, bata na nguruwe, lakini ng'ombe hamwoni. Kwetu ni pori kubwa. Ukitoka nyumba za mwisho za mji, miti inafunga pande zote mbili za barabara, iwe uko upande wa Bitule au wa Obokote. Katika pori hilo kuna mbung'o, na mbung'o anabeba ugonjwa unaomkondesha ng'ombe mpaka anakufa. Masisi ni juu, kuna baridi na majani ya kulisha, ndiyo maana kule wanakamua maziwa na kutengeneza jibini. Wale kati yetu waliosoma Bukavu walizoea kununua mashanza na kuyanywa pamoja na viazi. Waliporudi nyumbani na diploma yao, walirudi kwenye mchele, lituma, sombe na mawese. Chakula kizuri, lakini maziwa hakuna.

Maziwa ya Lubutu ni ya unga. Yanakuja katika makopo kutoka Kisangani, pamoja na chumvi, sabuni na madaftari. Yaurti nayo huja mara moja moja, katika vifuko vidogo, juu ya pikipiki, kwenye jua. Mwanzoni mwa msimu huu wa mvua mwenzetu mmoja alimnunulia mtoto wake kifuko sokoni. Kilikuwa kimevimba, naye hakujua hiyo ni alama ya nini. Usiku mtoto aliharisha, asubuhi tukamsindikiza mama yake kwenye kituo cha afya. Mtoto alipona. Lakini tulipokutana Jumamosi kuhesabu pesa ya likelemba, hakuna aliyetaka kuongea jambo lingine. Tukasema: kama watoto wanapenda yaurti, tuitengeneze wenyewe, kwa maji tuliyoyachemsha wenyewe.

Pesa ilikuwa wapi? Zamu ya kupokea likelemba juma lile ilikuwa ya mama mmoja mjane, na pesa hiyo alikuwa ameipangia karo ya binti yake wa sekondari. Alituangalia, akasema: "Chukueni. Nitangoja majuma matatu. Lakini yasipite matatu." Tuliondoka na neno hilo moyoni.

Unga wa maziwa peke yake hauwi yaurti. Lazima upate mbegu, yaani yaurti nyingine iliyo hai, isiyotiwa sukari wala rangi. Ndani yake kuna vijidudu vya aina mbili vinavyosaidiana. Kimoja kilitambuliwa mwaka 1905 na mwanafunzi wa udaktari kutoka Bulgaria, Stamen Grigorov, na kwa heshima ya nchi yake kikaitwa bulgaricus. Vijidudu hivyo vinakula sukari iliyomo katika maziwa na kuigeuza kuwa uchachu. Uchachu ndio unaoyagandisha maziwa. Kwa sababu sukari hiyo imepungua, hata mtu mzima ambaye maziwa mabichi yanamsokota tumbo, kama wengi wetu tusiokua na ng'ombe, mara nyingi anakula yaurti bila shida.

Basi wawili wetu walipanda pikipiki alfajiri. Kutoka Lubutu mpaka Kisangani ni zaidi ya kilomita 200. Barabara ni ile ile iliyopita Tingi-Tingi, pale ambapo lami yenyewe iligeuzwa uwanja wa ndege, na ambapo mwisho wa 1996 na mwanzo wa 1997 kulijaa mahema ya wakimbizi mpaka pori lilionekana jeupe. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu tulikuwa watoto wakati ule. Mama zetu hawapendi kusimulia yote, lakini wanasema jambo moja: waliona mtoto anavyokuwa akikosa chakula, na hawatasahau.

Njiani ni vijiji vya Wakumu, baraza mbele ya nyumba, mpunga umeanikwa juu ya mikeka, bidoni za mawese zikingoja gari. Kinga zinasukumwa zikiwa na mikungu ya ndizi mpaka mwenye kinga haonekani. Mvua ilitukuta kabla ya Wanie-Rukula. Tukangoja chini ya paa la mama asiyetujua, akatupa mahindi ya kuchoma na hakukubali pesa. Tuliingia Kisangani giza limeshuka. Asubuhi tukachukua toleka mpaka nyumba ya mama mmoja wa komine ya Kabondo anayeuza yaurti yake mwenyewe. Alitujazia chupa moja, akaifunga vizuri, akasema: "Ikifika imechachuka zaidi, msiogope. Ikifika inanuka vibaya, mwageni." Tuliizungushia kikwembe kilicholowa maji ili isipate joto, na siku iliyofuata tukarudi nayo kifuani kama mtoto mchanga.

Sasa sikilizeni kosa letu. Usiku ule ule tulikuwa na haraka. Watu walikuwa wamejaa uani, watoto wanashangaa, kila mmoja anataka kuona. Tukachemsha maji, tukakoroga unga wa kopo zima, tukapasha, na maziwa yakiwa bado yanatoa mvuke mwingi tukamimina mbegu ndani. Tukafunika, tukalala. Asubuhi tulikuta maziwa kama maziwa. Jioni yalikuwa yameharibika. Kopo zima lilipotea, la pesa ya mjane.

Sisi ni walimu. Darasani tunafundisha kwamba joto kali linaua vijidudu, ndiyo maana tunachemsha maji ya kunywa. Somo hilo tuliandika ubaoni, na nyumbani tulilisahau mbele ya sufuria. Tulikaa kimya uani, hatukujua tutamwambia nini mwenzetu.

Ndipo mama mzee wa kikundi, asiyejua kusoma, akaingia nyumbani mwake akatoka na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Ndani kulikuwa na nusu ya mbegu. Aliiondoa katika chupa usiku ule bila kutuambia. Tukamuuliza kwa nini. Akatushangaa: "Nyinyi mnalima mpunga au hamlimi? Nani anapanda mbegu yote siku moja?"

Mara ya pili tulifanya taratibu, kwa lita moja tu. Ilifaulu. Hivi ndivyo tunavyofanya mpaka leo:

Safisha sufuria, kijiko na vyombo vyenye vifuniko, kisha vimwagie maji yanayochemka.

Chemsha lita 1 ya maji. Yakipungua moto, koroga ndani yake kikombe 1 cha mililita 250 kilichojaa unga wa maziwa halisi. Soma kopo vizuri: kuna unga wa kutia ndani ya chai ambao si maziwa, huo haugandi.

Rudisha juu ya mbabula, makala machache, koroga mpaka karibu kuchemka. Shikilia hapo dakika 10.

Ondoa, ngoja. Nawa mikono kwa sabuni, ingiza kidole. Ukiweza kuhesabu mpaka 10 bila kuungua, na bado unasikia joto, wakati umefika. Ukishindwa kufika 10, ngoja tena.

Changanya vijiko vikubwa 3 vya mbegu na maziwa kidogo katika kikombe, halafu mimina yote, koroga polepole.

Weka katika vyombo, funika, panga ndani ya kikapu, zungushia vikwembe vizito, acha mahali pasipo na upepo saa 6 mpaka 8. Usitikise, usifungue kila mara. Inamisha chombo kidogo: isipomiminika, imeiva.

Kabla ya kutia sukari au mtu yeyote kuonja, toa vijiko 3 vya mbegu ya kesho. Sisi hatuna frigo. Chombo tunakiweka ndani ya mtungi wenye mchanga uliolowa, kivulini. Yaurti tunaila siku ile au kesho yake, na tunatengeneza nyingine kabla mbegu haijachoka. Ikiwa na rangi ya waridi, ukungu au harufu mbaya, usihurumie, mwaga.

Kopo la gramu 900 linatoa karibu lita 7, yaani vikombe vidogo 34 hivi. Kikundi kilibishana: tuuze au tuwape watoto? Tuliamua vikombe viwili kati ya vitatu viuzwe mpaka deni liishe. Juma la tatu, Ijumaa, tulimpelekea mjane pesa yake. Aliihesabu mara mbili mbele yetu, hakutabasamu mpaka mwisho. Jumatatu binti yake alikuwa darasani.

Kwa kuwa kopo ni ghali, tulijaribu pia soya, inayoota vizuri katika mashamba yetu. Kikombe 1 cha soya kilale ndani ya maji usiku mzima, menya maganda, twanga vizuri, ongeza vikombe 6 vya maji, chuja kwa kitambaa safi, halafu chemsha dakika 20 ukikoroga. Tia vijiko 2 vya sukari, kwa sababu soya haina sukari ya maziwa ya kulisha mbegu. Kilichobaki ni kama hapo juu. Inakuwa laini zaidi, na harufu yake ni ya soya. Watoto wakubwa waligoma siku ya kwanza. Siku ya tatu walilamba vikombe.

Maneno mawili ya mwisho, wamama. Mtoto asiyefikisha miezi 6 ni wa titi peke yake, hata yaurti yetu si yake. Na mtoto aliyevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, hataki kucheza, huyo ana bwaki. Yaurti si dawa ya bwaki. Mbebe leo, mpeleke hospitali.

Anayetaka mbegu aje Jumamosi na chombo safi chenye kifuniko. Tutampa vijiko 3, bure. Lakini mama mzee atakuwa amekaa mlangoni, na atamuuliza kila mmoja kama ataacha nusu.