Shahidi wa Juu ya Nguzo

Nilipokuwa na miaka 11 nilimwambia babu yangu mbele za watu kwamba ni mwongo. Ilikuwa Krismasi, nyumbani kwake Ngaramtoni, ukoo mzima umekaa chini ya mparachichi, nyama imeshaliwa na watu wamefika kwenye soda na hadithi. Babu alikuwa akisimulia jambo nililolisikia kila mwaka: kwamba aliwahi kuona roketi ikiruka kutoka katikati ya bahari, kule Kenya, na kwamba roketi hiyo ilibeba kitu kilichoitwa Uhuru.

"Babu," nilisema, "roketi zinaruka Marekani. Afrika hakuna roketi."

Watu walicheka. Baba mdogo akaongeza kwamba labda mzee aliona mnazi umepigwa radi. Babu hakukasirika. Alijaribu tu kutoa ushahidi. Alisema alikuwa juu ya nguzo ya simu, akaona mstari mweupe wa moshi ukipanda kimya kimya, na moshi ulikuwa umeshaanza kupindwa na upepo ndipo ngurumo ikamfikia. Hapo ndipo nilipommaliza.

"Kitu kikinguruma si kinasikika hapo hapo?"

Watoto wenzangu walishangilia. Babu akamalizia soda yake. Krismasi iliyofuata hakuisimulia tena, wala ile iliyofuata.

Miaka tisa baadaye nilikuwa chuoni, nasomea ualimu wa fizikia. Jioni moja maktaba, katika kitabu cha Kiingereza, sura ya eksirei zinazotoka angani, nilikutana na neno la Kiswahili limekaa peke yake katikati ya ukurasa: Uhuru. Nilisoma sentensi ile mara tatu. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini, karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, na meneja wa mradi, mwanamama Mmarekani aitwaye Marjorie Townsend, akaipa jina hilo kuwashukuru wenyeji.

Nilimpigia babu usiku ule ule. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. "Babu, shikamoo. Nimeiona Uhuru yako kwenye kitabu."

"Marahaba. Eeh, ipo," alisema, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha. Kisha akaniuliza kama nakula vizuri. Salio likaisha kabla sijaomba radhi yoyote, na nikajifanya kwamba sababu ni salio.

Tangu hapo nikaanza kukusanya habari za siku ile. Kwa miaka kadhaa nilidhani nakusanya kwa ajili ya wanafunzi.

Jukwaa la San Marco lilikuwa mradi wa Waitalia, chini ya Luigi Broglio. Lilisimama kwa miguu ya chuma juu ya maji, mbele ya kijiji cha Ngomeni. Kuanzia 1967 hadi 1988 zilirushwa hapo setilaiti tisa. Roketi iliyobeba Uhuru iliitwa Scout, mali ya Wamarekani: ndefu na nyembamba kama penseli, urefu wake karibu mita 23, upana wake chini mita moja tu na kidogo. Ilikuwa na ngazi nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, zote za fueli ngumu. Ngazi ya chini ikimaliza kuungua inaachwa, inayofuata inawaka.

Kwa nini waje mpaka kwetu? Kwa sababu ya mzunguko wa Dunia. Kwenye ikweta ardhi inakimbia kuelekea mashariki kwa kilomita kama 1,670 kwa saa, na roketi inayoruka kuelekea huko inapewa msukumo huo bure. Ngomeni ipo karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Siku niliyowapa wanafunzi wangu atlasi na rula, binti mmoja aliinua kichwa akasema, "Madam, Arusha nayo ipo nyuzi 3 na kitu." Ni kweli. Msukumo unaowasukuma watu wa Ngomeni unatusukuma na sisi hapa chini ya Mlima Meru, karibu sawasawa.

Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa inazimeza. Kabla ya Uhuru wanasayansi walirusha vyombo vilivyokaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, vikaanguka. Uhuru ilikaa. Ilijizungusha taratibu, mara moja kila dakika 12, ikipekua anga mstari kwa mstari, mpaka ilipozimika Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Vipimo vyake vya chanzo kimoja kiitwacho Cygnus X-1, kinachowaka na kufifia haraka mno, vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza timu hiyo ya sayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo babu hakuona roketi tu. Aliona mwanzo wa tawi zima la sayansi, akiwa ameshika koleo.

Alikuwa fundi simu wa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, kituo cha Malindi. Siku ile ilikuwa sikukuu, lakini laini ya kaskazini ilikatika, wakamtuma yeye pamoja na kijana mmoja Mgiriama wa kumshikia ngazi. Walikuwa karibu na Mambrui. Nilipima kwenye ramani: kutoka hapo hadi jukwaani ni kama kilomita 20. Sauti huchukua takriban sekunde tatu kwa kila kilomita. Kwa hiyo ngurumo ya Scout ilihitaji dakika nzima kumfikia babu juu ya nguzo, na dakika moja inatosha kabisa upepo wa bahari kuupinda moshi. Maelezo yale niliyomchekea ndiyo hasa ambayo mwongo asingeyafikiria. Mimi nafundisha kasi ya sauti kila mwaka.

Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kuleta shahidi, alisema shahidi alikuwa yule kijana wa ngazi. Mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika na mpaka ukafungwa, babu alirudi Arusha na sanduku moja. Mpaka ulipofunguliwa, 1983, hakujua tena pa kumtafuta mwenzake. Barua mbili hazikujibiwa. Miaka hiyo nayo setilaiti ilikuwa bado juu, imekufa lakini inazunguka, ikipita kila baada ya saa moja na nusu hivi juu ya Kenya, kaskazini kidogo ya hapa tulipo, hadi 1979 ilipoanguka na kuungua hewani. Namanga palikuwa pamefungwa na yenyewe inapita tu.

Mwaka 2020 macho ya babu yalikuwa yamebaki kidogo sana. Presha ya macho ilimchukua pole pole, akawa anatofautisha mwanga na kivuli, basi. Picha nilizokuwa nimechapisha za jukwaa na za Scout hazikuwa na maana kwake tena. Nilikuwa nimechelewa. Ndipo nikaamua kumtengenezea roketi anayoweza kuishika, na siku ya kutimiza miaka 50 irushwe.

Wapenzi wa roketi za mfano huko nje hutumia injini ndogo za baruti zinazouzwa madukani. Hapa hicho ni kilipuzi, hakiingizwi hivi hivi, na mimi nina watoto wa watu mikononi. Sisi tulitumia maji. Unatia maji kwenye chupa ya soda hadi theluthi, unaigeuza kichwa chini, unajaza hewa kwa pampu ya baiskeli kupitia kizibo cha mpira chenye vali ya tairi. Hewa ikizidi nguvu, kizibo kinaachia, maji yanaruka chini na chupa inaruka juu. Kanuni ni ile ile iliyoipaisha Scout.

Chupa ya nusu lita ina upana wa karibu sentimita 6.5, kwa hiyo kipimo chetu kikawa 1 kwa 15, na urefu ukawa kama mita moja na nusu. Wanafunzi sita walibaki baada ya vipindi kunisaidia. Roketi ya kwanza tuliitengeneza kwa bomba la boksi gumu ili idumu. Ilipendeza kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Tulipoirusha uwanjani ilipanda mpaka usawa wa mlango, ikafikiri kidogo, ikalala ubavu kwenye matope. Gramu 400. Nilikuwa nimejenga sanamu.

Ya pili ilikuwa ya manila, iliyozungushwa mara moja tu juu ya chupa, gundi kidogo, gramu 130. Hii iliruka, lakini ilipinduka hewani kama kuku aliyeshtuliwa. Tatizo lilikuwa mapezi. Ya Scout ni madogo, na ukiyapunguza mara 15 hayatoshi kuinyoosha roketi ya karatasi. Kuna namna ya kuijaribu chini: unaifunga uzi pale inapokaa sawa bila kuinama, unaizungusha kama kombeo. Pua ikitangulia, irushe. Ikienda ubavu, rudi mezani. Yetu ilienda ubavu siku nne mfululizo. Nilikataa kukuza mapezi kwa sababu isingefanana tena na aliyoiona babu. Mwisho binti yule wa atlasi akakata mapezi makubwa ya plastiki angavu ya chupa, akayabandika nyuma ya yale madogo ya manila. Ukisimama mbali unaona madogo tu. Tukaongeza udongo wa mfinyanzi kidogo puani. Pua ikatangulia.

Jioni ya kuamkia tarehe 12 niliipeleka Ngaramtoni. Babu aliipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto. Alianza chini. Vidole vyake vilipita kwenye mapezi, vikasimama kwenye yale ya plastiki.

"Hizi hazikuwepo."

"Ni za kuisaidia, babu."

Akaendelea kupanda, akihesabu maungio ya ngazi kwa sauti, moja, mbili, tatu. Juu kabisa akauliza, "Kumbe juu ilikuwa hivi?" Mwaka ule aliona moshi tu. Roketi yenyewe hakuwahi kuiona, hata alipokuwa na macho.

Hapo nilimwomba radhi. Nilimkumbusha Krismasi ile, mparachichi na mnazi wa baba mdogo. Alinyamaza kidogo, mikono ikiwa bado kwenye pua ya roketi. "Ulikuwa mtoto," alisema. Kisha: "Lakini iliniuma. Sikupenda kuonekana napayuka mbele ya wajukuu." Nilikuwa nimetegemea aseme haikumuuma.

Asubuhi, Jumamosi, tulipanda Hiace hadi Oldonyo Sambu, kwenye barabara ya Namanga, mahali penye nyasi fupi na nafasi ya kutosha. Meru ilikuwa imejifunika mawingu hadi kiunoni. Vijana wachunga mbuzi wawili walisogea kutazama. Mmoja aliuliza hii roketi ni ya nani, mwanafunzi wangu akanigeukia: "Ndiyo, Madam, ni yetu au ya Wamarekani?"

Nilijaribu kujibu vizuri. Roketi ya Wamarekani, jukwaa la Waitalia, bahari ya Wakenya, jina la Kiswahili. Neno ambalo Nyirenda alilipandisha pamoja na mwenge juu ya Kilimanjaro Desemba 1961 lilikwenda juu zaidi miaka tisa baadaye, kwenye chombo ambacho hatukukitengeneza. Nilikuwa bado natafuta pa kumalizia babu alipokohoa kwenye kiti chake.

"Nguzo ilikuwa ya kwetu," alisema. "Ya Jumuiya."

Tulisubiri upepo utulie. Tulimweka babu karibu kuliko inavyoshauriwa, kwa amri yake. Kijana wa pampu alipiga mara 30 na kitu. Kizibo kikaachia kwa mlio kama mtu anayefungua soda kubwa kupita zote, roketi ikapanda wima, ikaipita migunga, kama mita 15 hivi, ikageuka na kushukia kwenye miiba. Pua ikapondeka. Babu alikuwa ameloa maji kuanzia kofia hadi magoti, na watoto walikuwa wakipiga kelele hata mbuzi wakatawanyika.

"Moshi?" aliuliza.

"Ni maji, babu. Hakuna moshi."

"Na sauti ilikuja lini? Mimi nimeisikia hapo hapo."

"Ni hapo hapo, babu. Ilikuwa karibu."

Alijifuta uso kwa leso, akalifikiria jambo hilo.

"Basi haijaenda mbali," alisema. "Itengenezeni nyingine."