Saa ya mashine, stima ya Kiminini na namna ya kuuliza swali

Wiki hii naacha kidogo mambo ya lugha za programu. Nataka tuzungumzie kitu ambacho katika miaka minne ya shahada ya kompyuta hakuna aliyetufundisha: namna ya kuuliza swali pale programu uliyoiweka kwenye mashine yako mwenyewe inapoanza vituko.

Nasema mashine yako mwenyewe kwa sababu shida inaanzia hapo. Gmail ikikwama, wewe unakunywa chai na mhandisi wa Google ndiye anayehangaika. Seva ikiwa yako, iko chini ya meza yako, basi mhandisi ni wewe. Hakuna namba ya kupiga. Kuna watu tu, wametapakaa dunia nzima, wanatumia programu hiyohiyo na wanajibu maswali ya wenzao bila malipo. Hawakujui wala hawaioni mashine yako. Wanachokiona ni maneno uliyowaandikia.

Msidhani haya ni mambo ya ng'ambo. OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, chimbuko lake ni Eldoret, jirani zetu hapa. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin, madaktari kutoka Indiana, Marekani, walifika kwenye mpango wa AMPATH uliokuwa ukihudumia watu wenye virusi vya UKIMWI, wakaona mfumo wa kumbukumbu uliokuwepo hautahimili wingi wa wagonjwa. Mwaka 2006 programu mpya ikaanza kazi huko. Leo inatumika katika nchi nyingi, na fundi wa hospitali moja akikwama humuuliza fundi wa hospitali nyingine ambaye hajawahi kumwona.

Haya, sasa kisa cha nyumbani. Kiminini, kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, kuna kituo cha kukusanyia maziwa. Jina lake tuliache. Wakulima wanaleta maziwa kwa pikipiki na baiskeli, yanapimwa, karani anaandika lita kwenye kadi ya mkulima, kisha anaingiza hesabu hiyo kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ni Raspberry Pi, kadude kanakoenea kiganjani. Inatumia Linux na programu huria ya kumbukumbu za maziwa iliyowekwa na kijana ambaye siku hizi hapatikani. Tarehe inawekwa na mashine yenyewe. Ripoti ya malipo huchapishwa jioni ya siku ya mwisho ya mwezi. Intaneti hawana kila siku. Bando hununuliwa tarehe 5 tu, ili kutuma orodha ya malipo.

Mwaka jana hesabu zikaanza kukataa. Mama mmoja kadi yake ilisema lita 212 kwa mwezi, mashine ikasema 198. Mzee mwingine naye akapungukiwa. Wote walipungukiwa, hakuna aliyezidishiwa hata lita moja. Mnajua maneno yanavyokwenda sokoni: karani anakula maziwa ya watu. Kamati ikampa karani hadi mwisho wa mwezi ajieleze. Huyu dada ana cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, na mshahara wake ndio unaolipia karo ya wadogo zake. Akanipigia simu: "Kaka, nisaidie. Hawa watu wataniita mwizi."

Nikamwomba anunue bando, nikaingia kwenye mashine nikiwa Nairobi. Diski ina nafasi. Hifadhidata nzima. Saa sahihi, tarehe sahihi. Lita alizoingiza siku hiyo zikaonekana palepale. Mashine ilikuwa na afya kama ng'ombe wa maonyesho.

Wakati huohuo alikuwa amejiunga na jukwaa la watumiaji wa programu ile. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa mfupi: programu inapunguza lita, nisaidieni haraka. Siku nne kimya. Akadhani wanamdharau kwa kuwa ni mgeni. Lakini jiwekeni mahali pa msomaji aliye mbali: lita zipi, zinapungua lini, mashine gani? Hakuna pa kushika.

Tukakaa tukaandika upya. Hapo ndipo alipotaja daftari. Kumbe kwa ajili ya mafuta ya jenereta ya kupozea maziwa, alikuwa akiandika kila stima inapopotea na inaporudi. Jenereta haikuunganishwa na kompyuta. Nilimwambia aweke yote. Ujumbe wa pili ukaeleza mashine ni ipi, toleo la programu ni lipi, alichotarajia kuona, alichokiona, kadi tatu na tofauti zake, na orodha ya kupotea kwa stima, jumla yapata saa 50 kwa mwezi. Akaongeza kwamba bando huwekwa mara moja kwa mwezi.

Jibu likaja usiku uleule, mstari mmoja kutoka kwa mtu asiyesema yuko nchi gani: stima ikirudi, kabla hujaweka bando, mashine inaonyesha saa ngapi?

Stima ikapotea usiku mmoja, ikarudi alfajiri. Dada akaandika `date`. Simu yake ilisema saa moja na dakika kumi asubuhi. Mashine ikasema saa nne na robo usiku wa jana.

Maelezo ni haya. Kompyuta ya kawaida ina kibetri kinachoendesha saa hata ikizimwa. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5, lililotoka mwaka 2023, hazina saa ya namna hiyo. Linux yake huhifadhi saa kwenye faili kila baada ya muda, na ikiwaka huanzia pale ilipoishia, kama mtu aliyezirai akaamka akidhani bado ni jana. Ikipata intaneti inauliza saa sahihi na kujirekebisha. Isipopata, inaendelea kuchelewa, na kila stima inapopotea uchelewaji unajumlishwa. Saa 50 ni siku mbili na ushee. Kwa hiyo maziwa ya tarehe 1 na 2 yalikuwa yakiandikwa kwenye mwezi uliopita, ambao ripoti yake ilishachapishwa. Na mimi nilipoingia kwa intaneti, intaneti ileile ilishairekebisha saa. Ugonjwa ulikuwa unapona kila daktari anapobisha hodi.

Nikamwambia achapishe upya ripoti ya mwezi uliotangulia. Lita 14 za yule mama zilikuwa zimelala huko, salama. Akaichukua karatasi akaipeleka kwenye kamati. Wakulima wakalipwa tofauti, na yeye bado yuko kazini.

Dawa yenyewe ni rahisi: kijisaa cha DS3231 chenye betri ndogo kinachochomekwa kwenye pini za mashine, mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye faili ya `config.txt`, na kuiondoa `fake-hwclock`. Baada ya hapo tukasahihisha tarehe moja moja kwa kufuata kadi za karatasi.

Sasa fikirini: shahada yangu haikuiona hitilafu ile, daftari la karani liliiona. Mgeni hahitaji kujua sababu. Kazi yake ni kuwa shahidi mzuri. Simon Tatham, mtunzi wa PuTTY, aliandika makala mwaka 1999 juu ya namna ya kuripoti hitilafu, na shauri lake kubwa ni hilo: eleza ulichokiona kabla ya kueleza unachodhani. Ukikwama, andika haya:

1. Mashine, mfumo na toleo la programu.
2. Ulifanya nini, hatua kwa hatua.
3. Ulitarajia nini, na ukaona nini. Ujumbe wa kosa unakili neno kwa neno, usiusimulie.
4. Inatokea lini, na lini haitokei.
5. Kitu chochote kilichobadilika karibuni: stima, bando, ruta, hata kama unaona hakihusiani.

Kabla ya kubandika logi, ondoa nywila, majina na namba za simu za watu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawalinda wakulima wa Kiminini pia. Na ukipona, rudi useme kilichokuponya. Yule dada alirudi akaandika aya tatu kuhusu kijisaa na betri yake. Juzi mtu mwenye shida ya tarehe ameuliza kwenye jukwaa lile, na aliyemjibu wa kwanza ni karani wa maziwa wa Kiminini. Alianza kwa kumuuliza kama huko kwao stima hupotea.

Haya wadau, tuonane wiki ijayo, stima ikiruhusu.